Mwezi unapatwa na picha zinagoma: soma kosa kwenye picha kabla hujagusa kamera

Usiku wa Jumapili, tarehe 7 Septemba 2025, mwezi ulipatwa wote, na huku Afrika Mashariki tuliuona mwanzo hadi mwisho, tena mapema, watoto wakiwa bado macho. Nilikuwa uani kwetu Tanga, stendi ya kamera nimeisimamisha kati ya kamba ya nguo na mpapai. Kesho yake simu haikutulia. Ndugu, majirani na vijana wanaopiga picha za harusi walinitumia picha zao, na karibu kila moja ilikuja na swali: "Hii imekuwaje?"

Nilikaa nazo jioni nzima. Makosa yalikuwa machache, yakijirudia kwa watu tofauti, na kila kosa lilikuwa limeacha alama yake ndani ya picha. Ukijua kuisoma alama hiyo ukiwa pale pale uani, unarekebisha mwezi ungali mwekundu. Ndiyo maana nimeandika kwa kufuata dalili, kama fundi redio anavyosikiliza kwanza mlio kabla hajafungua kasha.

Shika jambo moja tangu mwanzo: usibadilishe vitu viwili kwa mara moja. Piga, kuza picha mpaka mwezi ujae kwenye skrini, tazama, badilisha kitu kimoja, piga tena. Usiku ule mwezi ulikaa mwekundu dakika 82. Huo ni muda wa kutosha kwa mtu anayejua anatafuta nini, na ni mfupi sana kwa anayebonyeza vitufe kwa wasiwasi.

Umetoka nje, mwezi ni wa kawaida tu

Hili si tatizo la kamera, lakini limewakosesha watu wengi kuliko lenzi mbovu. Sababu ya kwanza ni saa. Taarifa za kupatwa kwa mwezi mara nyingi hutolewa kwa saa za kimataifa, UTC, na sisi tuko mbele saa tatu. Usiku ule mwezi uliingia wote kivulini saa 17:30 UTC. Aliyesoma 17:30 akatoka saa kumi na moja na nusu jioni alikuta jua bado liko juu. Ongeza tatu, upate 20:30 ya Afrika Mashariki, kisha toa 18: saa 2:30 usiku. Andika saa hiyo ya Kiswahili kwenye karatasi na uibandike kwenye stendi, usiiache kichwani.

Sababu ya pili ni kivuli chenyewe. Dunia ina vivuli viwili, chepesi nje na kizito ndani. Mwezi ulianza kuingia kwenye kivuli chepesi saa 12:28 jioni, na kwa muda mrefu jicho halikuona chochote. Kuliwa kwenyewe, ule ukingo mweusi unaokata mwezi, kulianza saa 1:27 usiku. Ukafunikwa wote saa 2:30, ukafika katikati ya kupatwa saa 3:11, ukaanza kutoa kichwa saa 3:52, ukamaliza saa 4:56. Watu waliotoka saa moja kasoro wakaona mwezi mzima unang'aa walirudi ndani wakidhani wamedanganywa. Subira ya nusu saa ingewafikisha.

Mwezi umetoka kama tundu jeupe, hauna hata baka moja

Dalili hii hutokea kabla ya kupatwa na katika hatua za mwanzo. Kamera imejiamulia yenyewe, na imeamua vibaya. Inatazama picha nzima, inaona weusi mtupu, inadhani kuna giza, inaongeza mwanga. Haijui kwamba kile kidoa kidogo cha katikati ni mwamba unaopigwa na jua kali la mchana.

Na kweli ni kidoa. Ukigawa urefu wa lenzi kwa 110 utapata upana wa mwezi ndani ya kamera. Lenzi ya milimita 200 inatoa mwezi usiofika milimita mbili, kwenye sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea picha, yenye upana wa milimita 24 hivi. Kamera haina namna ya kukipa kidoa hicho heshima yake.

Zungusha kitufe kwenye M, uamue mwenyewe. Kwa mwezi mpevu anza na ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), tundu la lenzi f/8 (namba ikipungua, tundu linapanuka), shata 1/250 (muda wa kuingiza mwanga, sehemu ya sekunde). Ukiona bado mweupe, ongeza kasi hadi 1/500. Unajua umefika unapoyaona mabaka ya kijivu na ile mistari inayotawanyika kutoka kwenye shimo la Tycho, upande wa kusini wa mwezi.

Wa simu: gusa mwezi kwenye skrini na ushikilie mpaka simu ikubali kufunga, kisha vuta kile kialama cha jua chini, chini zaidi kuliko unavyodhani inafaa. Zima hali ya usiku. Hali ya usiku inakusanya mwanga kwa sekunde kadhaa, na mwezi mpevu hauhitaji hata chembe ya msaada huo.

Mwezi umekuwa mwekundu na sasa picha zote ni nyeusi

Hapa ndipo wapigaji wa harusi walipokwama, kwa sababu wamezoea mwanga unaobadilika kidogo kidogo. Mwezi ukizama wote kivulini, mwanga wake hushuka mara elfu kumi na zaidi. Maana yake inabidi uzidishe mwanga mara mbili, kisha mara mbili tena, hivyo hivyo mara kumi na tatu hivi. Aliyeongeza mara tatu akaona picha bado nyeusi, akasema kamera yake haina uwezo, aliishia njiani tu.

Fuata mwezi unavyoliwa. Ukibaki nusu, shata 1/125 inatosha kwa ile sehemu inayong'aa. Ukibaki kipande chembamba kama kucha, shuka hadi 1/30. Ukifunikwa wote, ruka: ISO 1600, fungua tundu hadi f/5.6, shata sekunde moja. Tazama. Ikiwa bado ni giza, sekunde mbili, au ISO 3200.

Sikupi namba moja ya kushika moja kwa moja, kwa sababu weusi wa kivuli haufanani kila mara. Mwanga unaoufikia mwezi wakati huo umepita kwenye pembe za anga letu, na anga likiwa na majivu au vumbi, mwanga hupungua. Mwanaastronomia Mfaransa André Danjon aliweka kipimo mwaka 1921, kutoka 0 kwa mwezi unaokaribia kupotea kabisa hadi 4 kwa mwezi wa rangi ya shaba inayong'aa. Mlima Pinatubo wa Ufilipino ulipolipuka mwaka 1991, mwezi uliopatwa Desemba 1992 ulikuwa mweusi mno. Kati ya 4 na 0 tofauti ya muda wa shata ni kubwa, kwa hiyo jicho lako ndilo litakalokuambia. Ukiuona mwezi vizuri bila kutafuta, sekunde moja itatosha. Ukilazimika kuutafuta, anza na nne.

Kuna kipindi kigumu kuliko vyote: dakika chache kabla ya kufunikwa, kipande chembamba kinang'aa na mwili mzima uliobaki ni mwekundu hafifu. Picha moja haiwezi kubeba vyote viwili. Chagua. Mimi huchagua wekundu na kukiacha kile kipande kizidi mwanga, maana ndivyo macho yanavyouona.

Mwezi una maziwa pembeni, na kila picha ni hafifu kuliko iliyotangulia

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mimi mwenyewe nilipoteza dakika ishirini za thamani.

Saa 2:20 usiku, mwezi ukiwa umebaki kama ukucha, niliamua kubadilisha lenzi. Ile ndefu ilikuwa chumbani kwenye kiyoyozi. Nikaitoa, nikaifunga, nikapiga. Picha ya kwanza ilikuwa na duara jeupe kuzunguka mwezi, kama taa ya gari kwenye mvua. Nikadhani ni wingu jembamba. Nikaongeza muda wa shata. Ya pili ikawa hafifu zaidi. Nikaongeza tena, nikijiambia kwamba mwezi unaingia kivulini ndiyo maana. Maelezo yalikuwa yananitosha kabisa, na yalikuwa ya uongo. Saa 2:40 nikawasha tochi ya simu na kuipitisha kwa ubavu mbele ya lenzi. Kioo kizima kilikuwa kimefunikwa na matone madogo madogo, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji.

Ni kitu kile kile hasa. Kioo cha baridi kinakutana na hewa ya Pwani iliyojaa unyevu, na unyevu huo unageuka matone ya maji juu yake. Huku Tanga, Dar es Salaam, Mombasa au Unguja hilo ni suala la dakika moja. Kule juu Lushoto, Njombe au Limuru njia ni nyingine: anga likiwa wazi, kioo kilichoelekea juu kinapoa kuliko hewa, na umande unakishukia taratibu kadiri usiku unavyokwenda.

Kwa hiyo kipimo chako cha kwanza, mwezi unapofifia kwenye picha, kiwe tochi. Ipitishe kwa ubavu. Lenzi safi inaonyesha weusi wenye mng'ao wa zambarau au kijani, na yenye umande inawaka nyeupe yote.

Ikiwa umande umeshashika, usifute. Ukifuta, unapaka maji na chumvi ya bahari kioo kizima, kisha umande unarudi. Ipulizie hewa ya uvuguvugu kwa mashine ya kukaushia nywele, ukiiweka kwenye moto mdogo na mbali kidogo, au ielekeze mbele ya feni. Mimi nilimwomba mke wangu chupa ya maji ya moto, nikaizungushia khanga, nikaiegemeza ubavuni mwa lenzi. Ilichukua dakika nyingine kadhaa kusafika, na ikabaki safi hadi mwisho.

Mara nyingine zuia kabla. Toa vifaa kwenye kiyoyozi saa nzima mapema, vikiwa ndani ya begi lililofungwa au mfuko wa nailoni, ili unyevu ushike mfuko na kioo kipate joto kikiwa salama. Weka kofia ya lenzi hata kama hakuna jua la kukinga. Kama huna, karatasi ya manila iliyoviringishwa na kufungwa kwa raba inafanya kazi ileile: inakifichia kioo sehemu kubwa ya anga la baridi.

Mwezi hauna makali

Neno "imetoka blaa" halinisaidii, wala halikusaidii wewe. Kuna namna nne za kukosa makali, na dawa ya moja haiponyi nyingine. Kuza picha hadi mwisho, utazame ukingo wa mwezi au nyota iliyo karibu.

Ukingo umejirudia, kama mwezi una pacha, au nyota imechora kijimstari kilichopindapinda: hiyo ni mtikisiko. Kidole chako kwenye kitufe, upepo, au kile kioo cha ndani cha kamera kinachoruka kabla ya shata. Weka kamera ihesabu sekunde mbili hadi kumi kabla ya kupiga. Tumia skrini ya nyuma, kioo kiwe kimeshanyanyuka. Usiinue ule mguu wa katikati wa stendi. Ni bora uiname wewe. Tundika ndoo yenye mchanga au begi zito chini ya stendi, liguse ardhi kidogo lisibembee. Na kizuia mtikisiko kilichomo kwenye lenzi kizime: kwenye lenzi nyingi, kamera ikiwa imetulia juu ya stendi, chenyewe huanza kutafuta mtikisiko usiokuwepo.

Kila kitu kimevutika upande mmoja, na picha zote zimevutika upande uleule, na ukirefusha shata mvuto unaongezeka: hiyo ni dunia inazunguka. Hakuna stendi itakayoizuia. Mwezi unahama upana wake mzima katika dakika mbili hivi. Kwa lenzi ya milimita 300 kwenye kamera za kawaida, sekunde moja tu inauhamisha karibu nukta tano za picha. Kwa hiyo hapo usirefushe shata, pandisha ISO. Nusu sekunde kwa ISO 3200 yenye chenga kidogo inaishinda sekunde nne kwa ISO 400 iliyovutika. Wenye stendi ya kufuatilia nyota wana uhuru zaidi, lakini wengi wetu hatuna, na picha nzuri zimepatikana bila hiyo.

Kila kitu ni laini kwa usawa, na nyota zimekuwa vijiduara: hiyo ni fokasi, lenzi haijalengwa sawasawa. Fokasi ya kujiendesha inashindwa mwezi ukiwa mwekundu kwa sababu hauna mwanga wa kuishika, basi lenzi inakwenda na kurudi na kusimama popote. Fanya fokasi mapema, mwezi ukiwa bado mpevu: kuza skrini ya nyuma mara kumi, zungusha kwa mkono mpaka ukingo uwe mkali kama wembe, kisha hamisha swichi kwenye MF (fokasi ya mkono) na ubandike gundi ya karatasi juu ya pete. Usiiamini ile alama ya ∞. Kwenye lenzi nyingi ukifika mwisho umeshapitiliza. Na ukibadilisha zuumu, fanya upya. Usiku wa Septemba walioharibikiwa na fokasi wakati wa giza waliokolewa na Zohali, iliyokuwa iking'aa chini ya mwezi upande wa mashariki, nukta moja imara ambayo kamera inaiona.

Ya nne: picha moja kali, inayofuata laini, nyingine umbo limepinda kama sarafu chini ya maji. Hiyo ni hewa. Angalia unapiga juu ya nini. Mabati yaliyopigwa na jua mchana kutwa yanatoa joto hadi usiku mkubwa, na jiko la mkaa la jirani pia. Hama hatua chache ili mwezi usipite juu ya paa, au subiri mwezi upande juu; ukiwa karibu na upeo wa macho unaupiga kupitia hewa nene mno. Halafu piga nyingi, ishirini au thelathini, uchague. Hewa hutulia kwa kitambo kidogo, na ndani ya rundo hilo hazikosi tatu nne zenye makali.

Jicho linaona shaba, kamera inaonyesha kijivu

Binti wa dada yangu, mwenye miaka tisa, alisimama nyuma yangu muda mrefu akilinganisha juu na chini. "Mjomba, mbona mwezi wa kwenye kamera mweupe na ule wa juu mwekundu?"

Nikamwonyesha ile sehemu iliyoandikwa WB, ya kusawazisha rangi. Ikiachwa kwenye Auto, kamera inadhani wekundu ni kasoro ya taa, kama ile ya balbu ya njano sebuleni, na inajitahidi kuiondoa. Tukaiweka kwenye alama ya jua, mwanga wa mchana, tukapiga tena. Akapiga kofi moja. Shaba ikawa imerudi.

Rangi ile ni ya kweli na ina asili yake. Ukisimama kwenye mwezi wakati huo, dunia ingeziba jua na kuzungukwa na pete nyekundu: ni machweo na mapambazuko ya dunia nzima kwa wakati mmoja, yakipindishwa na anga hadi mwezini. Bluu imetawanyika njiani, nyekundu imefika. Na pale ukingoni mwa kivuli, dakika za kwanza na za mwisho, kuna utepe mwembamba wa samawati unaotokana na mwanga uliopita kwenye tabaka la ozoni. Macho hayauoni kirahisi. Kamera iliyowekwa kwenye mwanga wa mchana inauona, kwa hiyo saa 2:30 na saa 3:52 hazikuwa dakika za kwenda kunywa chai.

Kama kamera inaruhusu, hifadhi kwa RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaichakata. WB utaibadilisha baadaye bila hasara. Angalia pia chati ya mwanga ya rangi nyekundu peke yake. Inaweza kugonga ukuta wa kulia huku chati ya jumla ikionyesha kila kitu ni salama, na ukifika nyumbani unakuta chungwa bapa lisilo na mabaka. Hapo ilitakiwa upunguze nusu ya muda.

Wenye simu wawe waangalifu na jambo moja zaidi. Simu nyingine zina programu inayoutambua mwezi na kuuongezea mabaka na mng'ao kutoka kwenye kile ilichojifunza, na matokeo yake ni mwezi mzuri wa siku nyingine. Tumia hali ya Pro, uzime uboreshaji wa picha kwa akili bandia, ili kilicho kwenye picha kiwe ulichokiona.

Kuna mwezi wa pili, wa kijani, upande mwingine wa picha

Toa filta iliyo mbele ya lenzi, ile ya UV ya kukinga vumbi. Mwezi unang'aa, mwanga unarudi kutoka kwenye sensa, unapiga filta bapa, unarudi tena. Ukishaitoa na mzuka bado upo, sogeza mwezi uwe katikati kabisa ya picha: mzuka utajificha nyuma yake.

Chenga na vinukta vyekundu

Chenga zinazobadilika kila picha ni za ISO kubwa, na dawa yake si kuogopa ISO bali kupiga picha kumi na sita za namna moja na kuziunganisha kwa programu ya kompyuta. Chenga zinapungua hadi robo. Vinukta visivyohama, palepale kila picha, ni vya sensa iliyopata joto. Piga picha chache kwa muda ule ule ukiwa umefunika lenzi, programu itazitumia kuvitoa. Kama huna programu, punguza ukubwa wa picha kabla ya kuituma kwa watu. Nusu ya chenga huisha hapo.

Mwezi ni mdogo, hata nikivuta zuumu mpaka mwisho

Ndivyo ulivyo. Nusu nyuzi angani, chini ya upana wa ukucha wa kidole kidogo ukinyoosha mkono. Zuumu ya simu ikishapita uwezo wa lenzi zake inakuza chenga tu. Una njia mbili. Moja ni kuegesha simu kwenye darubini, hata ile ya macho mawili ya kuangalizia ndege, iliyofungwa juu ya kitu kisichotikisika. Weka simu sambamba na kioo, usogeze polepole mpaka kivuli cheusi kitoke pembeni.

Ya pili naipenda zaidi: acha mwezi uwe mdogo. Uweke juu ya mnara wa msikiti, juu ya mnazi, juu ya kamba ya nguo, na watu uani wakiutazama. Picha niliyotumiwa na kuihifadhi kuliko zote ilipigwa kwa simu ya kawaida: wazee watano wanatoka kuswali swala ya kupatwa kwa mwezi, mmoja amesimama kwenye ngazi viatu mkononi, uso juu, na kile kidoa cha shaba kimening'inia juu ya paa. Hakuna shimo hata moja la mwezi linaloonekana, na hakuna anayeuliza.

Mwezi umetoka nje ya picha

Kwa lenzi ndefu ni kawaida; rekebisha kila dakika tatu nne, ukiuweka kidogo nyuma ya katikati ili ujipitishe wenyewe. Shida kubwa iko kwa wanaotaka kuonyesha safari nzima kwenye picha moja, miezi imepangana kama shanga. Wengi huweka kamera kwa upana kwa sababu ndivyo walivyoona kwenye picha za Ulaya. Kwetu karibu na ikweta mwezi unapanda wima. Simamisha kamera kwa urefu, lenzi ya milimita 24 au pana zaidi, mwezi ukianzia chini. Kwa saa moja unapanda nyuzi 15 hivi. Piga kila baada ya dakika tano au zaidi, la sivyo miezi itasongamana. Usiiguse stendi.

Kamera yenye programu ya kupiga kwa vipindi inakupa nafasi ya kufanya mengine. Usiku ule spika ya msikiti iliponadi "Aswalatu jaamia", aliyeipanga kamera yake hivyo aliweza kwenda kuswali na kurudi bila kukosa hata shanga moja. Lakini mwanga unabadilika sana, kwa hiyo kamera ipangwe ipige picha tatu kila mara: ya mwezi mpevu, ya kati, na ya mwezi mwekundu. Utachagua baadaye.

Kumbuka vilevile kwamba mwezi ukikaribia utosini, kichwa cha stendi nyingi hugonga mguu wake. Geuza stendi mguu mmoja uelekee mwezi kabla hujaanza, utapata nyuzi kadhaa za ziada.

Mawingu: usifunge vifaa. Wingu la Pwani hupita vipande vipande, na kupatwa kunadumu saa nyingi. Betri: shata ndefu na skrini iliyowaka saa tatu mfululizo zinaimaliza, uwe na ya pili mfukoni au pawabenki. Memori kadi: iwe tupu tangu mchana, si wakati unafuta picha za kipaimara gizani. Taa ya ulinzi ya jirani: mwombe siku moja kabla, kwa adabu, na umwalike aje kutazama.

Mazoezi na tarehe

Matatizo haya yote isipokuwa wekundu unaweza kuyakuta na kuyamaliza kwenye mwezi mpevu wowote. Toka nao mwezi huu, fanya fokasi, pima lenzi yako inavyovutika kwa nusu sekunde, sekunde moja, mbili. Andika namba zako.

Alfajiri ya tarehe 28 Agosti 2026 mwezi unaanza kuliwa saa 11:33, na kwetu unatua ukiwa katikati ya safari, kwa hiyo tafuta uwazi upande wa magharibi. Kupatwa kikamilifu kwa jioni ni tarehe 31 Desemba 2028: mwezi unachomoza ukiwa tayari umeanza kuliwa, unafunikwa wote kuanzia saa 1:16 hadi saa 2:28 usiku, nao uko chini, hewani pazito, kwa hiyo muda wa shata utakuwa mrefu kuliko niliotaja hapo juu. Mwezi mpevu wa Desemba hauchomozi mashariki hasa bali unasogea sana kaskazini. Desemba yoyote kabla ya hapo, jioni ya mwezi mpevu, simama uani kwako uone unatokea nyuma ya nini. Kwangu unatokea nyuma ya tangi la maji la jirani, na nimeshapiga chokaa alama kwenye ukuta wa nyuma, hatua kumi na moja kushoto, ambapo tangi halizibi.